Kifua kinapanda, hewa haiingii: kufuatilia pumzi za mtoto mwenye mtindio wa ubongo
Mhadhara kwa wazazi na wahudumu wa afya, Mwanza

Ndugu wazazi, walezi, wauguzi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, karibuni. Poleni na safari, hasa mliovuka maji kutoka Ukerewe.

Leo tunazungumzia pumzi. Kwa watoto wenye mtindio wa ubongo, hasa wale wasioweza kukaa wala kushikilia shingo, matatizo ya kifua ndiyo yanayoongoza kutuondolea watoto. Na mengi huanza polepole, tena usiku, watu wote wakiwa wamelala.

Mtindio wenyewe hauko kwenye mapafu. Ubongo ulioumia unashindwa kuongoza misuli, na madhara yake yanashukia kifuani. Mtoto hamezi vizuri, kwa hiyo uji na mate vinapita njia ya hewa. Kikohozi chake hakina nguvu ya kutoa makohozi. Anacheua. Uti wa mgongo ukipinda, pafu la upande mmoja linakosa nafasi. Akilala chali, ulimi na misuli ya koo vinalegea na kuziba njia. Na wapo wanaopaliwa kimya kimya, bila kukohoa hata mara moja. Mama anasema "huyu hapaliwi", naye anasema anachokiona.

Kipimo cha kwanza hakina gharama: kuhesabu pumzi. Subiri alale usingizi mzito, muda wa kutosha ukiwa umepita tangu ale. Funua kifua na tumbo. Tochi ya simu ielekeze ukutani, usimmulike usoni. Hesabu kila tumbo linapoinuka, kwa dakika nzima. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha mara nne. Pumzi za watoto hawa hazina mwendo mmoja: anavuta haraka mara tano sita, anatulia, kisha anaanza tena. Ukikosea pumzi mbili, jibu lako limepotea kwa nane.

Fanya hivyo usiku tatu hivi akiwa mzima, uandike kwenye daftari. Hiyo ndiyo kawaida yake, na bila hiyo namba zote nitakazotaja leo zina thamani ndogo. Shirika la Afya Duniani linahesabu pumzi kuwa za haraka zikifika 60 kwa dakika kwa mtoto wa chini ya miezi 2, 50 kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 kwa wa mwaka 1 hadi kabla hajatimiza 5. Mipaka hiyo inamhusu mtoto aliyetulia. Mtoto aliyekakamaa kwa maumivu anaweza kupita 40 bila nimonia yoyote. Na aliyechoka kabisa anaweza kushuka hadi 20 huku anaishiwa nguvu, watu wakadhani amepata nafuu. Kama kawaida yake usingizini ni 24 na leo ni 36, usisubiri ifike 40. Mpeleke.

Sasa naomba mnisikilize vizuri hapa, kwa sababu ndipo wengi tunapodanganyika. Mtoto amelala chali, mdomo wazi, anakoroma. Ghafla mkoromo unakatika. Tumbo linapanda, kifua kinabonyea. Kifua kinarudi, tumbo linashuka. Kishimo cha chini ya koo kinaingia ndani. Inapita sekunde kumi, kumi na tano. Halafu unatoka mkoromo mkubwa, anashtuka, jasho kichwani, anarudi kulala. Katika muda ule, ukiweka kiganja kifuani utasema anapumua. Weka mgongo wa mkono mbele ya pua na mdomo: hakuna hewa inayotoka.

Kwa hiyo rekodi kwa simu, dakika mbili au tatu. Tumbo, kifua, shingo na uso vyote viwe kwenye picha, khanga na shati viondolewe, redio izimwe ili sauti isikike. Daktari akiona video hiyo anajua ni wapi pa kuanzia: mafindofindo, nyama za puani, mlalo au dawa.

Hili linatusaidia pia kuvielewa vifaa vipya. Viko vya kuweka chini ya godoro, viko vya rada vinavyotuma mawimbi ya redio na kunasa mwendo wa kifua wa milimita chache bila kumgusa mtoto, hata akiwa ndani ya chandarua. Ni vizuri kwa mtoto asiyevumilia nyaya. Lakini vinasoma mwendo, havisomi hewa. Njia ikiziba kifua kinaendelea kuhangaika, na kifaa kinaandika "anapumua". Mtoto akikakamaa au kujinyonganyonga, namba zinavurugika. Na nyumbani kwetu mtoto analala na mama yake au ndugu zake, feni inatikisa chandarua. Kifaa kinaweza kuhesabu pumzi za mama. Hospitali zenye maabara ya usingizi hufunga mikanda miwili, kifuani na tumboni, na kuongeza kimrija puani. Mikanda inaonyesha juhudi, kimrija kinaonyesha hewa.

Tuje kwenye kipima oksijeni cha kidoleni. Kinapitisha mwanga mwekundu na mwanga usioonekana kwenye damu, kisha kinatoa asilimia. Ziwa letu liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, mwinuko unaopunguza namba kidogo tu. Mtoto mzima wa hapa kwa kawaida husoma 95 kwenda juu. Chini ya 90 ni dharura, anahitaji oksijeni. Kati ya hapo, linganisha na daftari.

Kibanio cha mtu mzima kwenye kidole chembamba kinavujisha mwanga, namba inakuwa ya uongo. Tumia cha watoto, au kitambuzi cha kufunga kwenye dole gumba la mguu. Mguu wa baridi upashwe kwanza. Futa rangi ya kucha, na kama vidole vina piko, hamia sikioni. Kinga jua kali. Kisha hesabu mapigo ya moyo kwa mkono: yakitofautiana sana na ya kwenye kioo, usiiamini namba ya oksijeni. Kwenye ngozi nyeusi kifaa huelekea kusoma juu kidogo ya ukweli, kwa hiyo 92 usiifurahie. Na kanda yetu ina malaria na selimundu: mtoto mwenye damu pungufu sana anaweza kusoma 98 huku mwili unakosa oksijeni, kwa sababu asilimia haisemi damu ipo kiasi gani.

Wauguzi, hili ni lenu. Mtoto aliye kwenye oksijeni anaweza kusoma 97 usiku kucha huku hewa ya ukaa inapanda, kwa sababu pumzi zake ni fupi mno. Kipimo cha kidoleni hakiioni. Akiamka na kichwa kinauma, mzito, analala mchana kutwa, tafuteni kipimo cha hewa ya ukaa, cha puani au cha juu ya ngozi. Kawaida ni milimita za zebaki (mmHg) 35 hadi 45.

Ukipima oksijeni usiku kucha, tumia kifaa chenye kumbukumbu, kilichowekwa kisome kwa wastani wa sekunde 3 au pungufu. Wastani mrefu unafunika mashimo mafupi, yaani pale oksijeni inaposhuka kwa muda mfupi kisha ikapanda tena. Vuta soksi juu ya kitambuzi, andika saa alizoamka na saa za degedege. Mashimo ya chini ya 90 yakija makundi makundi, hiyo ni taarifa nzito. Yasipokuja, bado kukoroma hakujasamehewa.

Dawa za kulegeza misuli na za kifafa, kama diazepam, baclofen na fenobabitoni, zinalegeza koo pia. Dozi ikibadilishwa, mfuatilie kwa karibu usiku wa kwanza hadi wa tatu. Usiache dawa ghafla. Rudi kwa aliyeiandika.

Wakati wa kulisha, sikiliza sauti baada ya kila vijiko vichache. Sauti yenye maji maji, macho kulengalenga machozi au pumzi kuharakisha, simamisha. Usitegemee kipima oksijeni hapa: mtoto anaweza kupaliwa namba isishuke.

Midomo na ulimi kuwa wa bluu, kuguna kila anapotoa pumzi, kichwa kutikisika na pumzi, pumzi kusimama sekunde 20: hapo hakuna daftari, ni kituo cha afya mara moja. Kwa mnaotoka visiwani, hesabu pumzi na pima oksijeni kabla ya kupanda kivuko, uandike saa. Usimlishe kabla ya safari. Njiani mbebe akiwa wima kiasi au kwa ubavu, shingo isikunjike mbele, na kitambaa cha kufutia mate kiwe mkononi. Ukifika, mwambie muuguzi saa aliyokula mara ya mwisho, kisha mwonyeshe ile video.