Vitabu vya chai ya Kichina: anzeni na huyu mzee aliyekataa tangawizi

Assalam aleikum, hamjambo nyote, shikamooni wakubwa zangu mnaotazama, karibuni tena kwangu hapa Guangzhou. Leo kama mnavyoona nimekaa mezani na kabirika ka udongo na hivi vikombe vidogo na rundo la vitabu hapa pembeni, kwasababu ile video ya soko la chai la Fangcun imeniletea komenti nyingi sana na nyingi zinauliza kitu kimoja, dada haya mambo unayasoma wapi, tupe vitabu. Basi leo ndo siku yenyewe. Bandikeni chai tuongee.

Mnajua mimi huku nilikuja kwa shughuli za mizigo, sikuja kwa chai. Ila jimbo hili la Guangdong mtu hakuongeleshi bei kabla hajakumiminia. Unaingia dukani umefata vigae, mwenye duka anakuvutia kiti mbele ya sinia la mbao, anamimina ya kwanza, hiyo hainywewi, anaoshea vikombe, anamimina ya pili ndo unapewa, kikombe cha funda mbili. Sasa nilikuwa naona wenzangu wakimiminiwa wanagonga meza kwa vidole, taratibu, tap tap, nikajua wana haraka zao, nami nikawa nakunywa haraka haraka nisiwacheleweshe. Kumbe ile ndo asante! Wenyewe wana hadithi yake, wanasema mfalme wa China wa zamani, Qianlong, alitoka kutembea amejificha asijulikane, akammiminia chai mtumishi wake, na mtumishi asingeweza kupiga magoti pale maana angemtoboa siri, basi akakunja vidole juu ya meza, vidole vikapiga magoti badala yake. Ni hadithi tu ya watu, ila siku niliyoelezwa iliniingia sana, nikasema hawa watu nafanya nao biashara kila siku na sijawajua, ndo nikaanza kutafuta vitabu.

Sasa, ukiuliza mtandaoni karibu kila mtu atakwambia anza na The Book of Tea cha Okakura Kakuzo, cha mwaka 1906. Mimi nasema usianze nacho. Ni kizuri, kifupi, na kimeshatoka kwenye hakimiliki kwahiyo unakipata bure kihalali kabisa, lakini Okakura ni Mjapani, aliandika kwa Kiingereza akiwaelezea watu wa Magharibi, na moyo wa kitabu chake uko Japani, kwenye chumba chao cha chai na maua yao. Ukianza na hicho utakuja China unatafuta ukimya na heshima za kuinama, af utakuta wazee wanapiga kelele, wanakula vitafunio, magazeti mkononi, utadhani wao ndo wamekosea.

Anza na Lu Yu. Kitabu kinaitwa Cha Jing, kwa Kiingereza kimetafsiriwa kama The Classic of Tea, kipo cha Francis Ross Carpenter cha mwaka 1974. Huyu Lu Yu aliishi karne ya 8, enzi za ukoo wa kifalme wa Tang, alikuwa mtoto wa kuokotwa akalelewa na mtawa wa Kibudha kwenye hekalu, akatoroka akajiunga na kikundi cha waigizaji, na mtu huyohuyo ndo akaja kuandika kitabu cha kwanza duniani tunachokijua kinachohusu chai peke yake. Sura 10 tu, unakimaliza kwa siku mbili. Anaeleza mmea, vyombo, maji, maji ya mlimani ndo bora, ya mtoni yanafata, ya kisima mwisho. Af anakuja kwenye kuchemsha, na hapa mimi mtoto wa Tanga nilikaa vizuri kwenye kiti. Anasema maji yana chemko tatu. Ya kwanza vinatokea vipovu kama macho ya samaki, hapo unatia chumvi kidogo, ndio, chumvi. Ya pili vipovu vinapanda pembeni ya chungu kama lulu zilizotungwa, hapo unachota maji kata moja unaweka kando, unakoroga, unatia chai ya unga. Ya tatu maji yanapiga mawimbi, unarudisha yale uliyochota yatulie. Ukizidisha hapo anasema maji yamezeeka, hayanyweki tena.

Halafu anasema jambo lililonifanya nifunge kitabu kidogo. Anasema kuna watu wanachemsha chai na vitunguu, tangawizi, kunazi, maganda ya chenza, nanaa, anasema hiyo ni sawa na maji ya kumwaga mtaroni. Jamani! Bibi yangu Mungu amrehemu chai yake ilikuwa tangawizi, iliki na mdalasini, unaisikia harufu toka barazani. Nilitaka kukasirika. Ila fikirieni, kama alikuwa anawakataza ina maana watu walikuwa wanafanya! Zaidi ya miaka 1,200 iliyopita kuna mama wa Kichina alikuwa anatwanga tangawizi yake anatia kwenye chai, na hakuna kitabu kilichomsifu ila kimoja kikamgombeza, na kwa kumgombeza kikatuachia habari zake. Mimi nimempenda Lu Yu, lakini nimempenda zaidi yule mama.

Na mjue chai anayoisema Lu Yu siyo hii hapa mezani. Ile ilikuwa inagandamizwa kama keki, inachomwa, inasagwa. Wakaja watu wa enzi za ukoo wa Song wanaipiga unga mpaka itoe povu jeupe, mfalme Huizong mwenyewe kaandika kitabu cha namna ya kulipiga hilo povu. Majani ya kuloweka kama haya yalishika zaidi baada ya mwaka 1391, mfalme wa kwanza wa ukoo wa Ming alipokataza chai ya keki isiletwe tena kwake kama ushuru. Haya yote utayapata kwenye The True History of Tea cha Victor Mair na Erling Hoh, cha 2009, hicho ndo kiwe cha pili. Mwishoni kuna sehemu ya maneno ya chai duniani kote, hapo ndo utaona hata hili neno letu "chai" ni "cha" yao, limepita kwa Waajemi na Wahindi likaongezewa mkia, likafika Pwani.

Baada ya hapo mimi nakushauri uache vitabu vya wataalamu usome hadithi, kwasababu chai ni watu. Mwandishi wa Kichina Lao She ana tamthilia inaitwa Teahouse, ya mwaka 1957, mgahawa mmoja wa chai Beijing, miaka 50, kuanzia 1898. Ukutani pamebandikwa karatasi "msizungumze mambo ya serikali", na kila tendo linapofunguka zile karatasi zimezidi kuwa kubwa. Mwenye mgahawa anabadilisha hiki, anabadilisha kile, apone, na mwisho wake utakuliza. Na kwenye Dream of the Red Chamber, riwaya ya zamani ya Kichina, ndefu mno, hata kama hutaki kukisoma chote tafuta sura ya 41. Kuna mtawa anaitwa Miaoyu anawapikia wageni chai kwa maji ya theluji aliyoikusanya kwenye maua akaizika miaka 5, anasema kikombe kimoja ni kuonja, cha pili ni kukata kiu, cha tatu ni kunywesha ng'ombe. Na kikombe alichonywea bibi mmoja maskini wa shamba hataki hata kirudishwe ndani. Ukurasa huo peke yake umenifunza kuhusu chai na majivuno kuliko vitabu vitatu.

Kama unapenda vijiwe, Wang Di kaandika The Teahouse kuhusu migahawa ya chai ya mji wa Chengdu ya 1900 mpaka 1950. Watu waliogombana walikuwa wanakwenda kusuluhishwa mgahawani mbele ya mzee wanayemheshimu, na anayeonekana mkosa ndo analipia chai ya wote. Baraza kabisa!

Na nyie mnaoniulizia kununua Puer, ile chai ya keki ya jimbo la Yunnan, mkauze, tafadhali kabla ya kutuma hela yoyote someni Puer Tea cha Zhang Jinghong, mwenyewe ni mtu wa Yunnan. Anaonyesha bei ilivyopaa mpaka 2007 ikaanguka watu wakabaki na maghala, na ilivyo ngumu hata kwa wenyeji kujua keki ipi ya kweli. Zile keki za gramu 357 mnazoziona kwenye video zangu, karatasi ya nje haithibitishi kitu.

Sasa na mimi naomba. Kuna mtu anatazama yuko Mufindi, Rungwe, Lushoto au hapo Amani, anafanya kazi kiwandani au anachuma, niandikie hapo chini mnavyofanya tangu jani linachumwa, mnalinyausha muda gani, nani anaamua kama limetosha. Nimesoma ya huku kurasa na kurasa, ya kwetu sijawahi kuisikia kwa mdomo wa anayeifanya.