"Defenestrate": Kumtupa Mtu Dirishani

Ndugu zangu wafasiri, leo nawaletea kitenzi kimoja tu cha Kiingereza, tena kisichosikika sana: defenestrate. Maana yake ya msingi ni kumtupa mtu au kitu nje kupitia dirishani. Asili yake ni Kilatini, ambako fenestra ni dirisha. Dirisha limo ndani ya kitenzi chenyewe, kwa hiyo Mwingereza halitaji tena.

Hakieleweki bila kisa cha Prague, mji mkuu wa Bohemia (Ucheki ya leo). Tarehe 23 Mei 1618, wakuu wa Kiprotestanti wa Bohemia, wenye hasira kwa jinsi makanisa yao yalivyokuwa yakiandamwa, waliingia ngomeni kuwakabili Slavata na Martinic, Wakatoliki waliotawala kwa niaba ya ukoo wa kifalme wa Habsburg. Martinic akarushwa nje. Slavata akang'ang'ania ukingo wa dirisha, akagongwa vidole kwa mpini wa silaha hadi akaachia. Karani Fabricius naye hakusalimika, ingawa kosa lake hasa sijaliona! Wote watatu wakapona. Wakatoliki wakasema wamedakwa na Bikira Maria. Waprotestanti wakasema wameangukia jaa la samadi. Fabricius baadaye akapewa cheo cha kiungwana na jina von Hohenfall, yaani "wa Anguko la Juu". Kilichofuata hakikuchekesha: Vita vya Miaka 30.

Siku hizi magazeti ya Kiingereza hukitumia zaidi kwa kiongozi aliyeng'olewa ghafla. Hapa ndipo mfasiri anapoteleza. Tangu enzi za Rais Magufuli tuna "kutumbuliwa", neno tamu, linakuja mdomoni lenyewe. Lakini anayetumbua ni mkubwa, anayetumbuliwa ni mdogo wake. Pale Prague waliosukuma ni watawaliwa. Mchukueni Margaret Thatcher, Waziri Mkuu wa Uingereza, Novemba 1990: alimshinda Michael Heseltine kwenye duru ya kwanza ya kura za wabunge wa chama chake, ila hakufikisha kiwango kilichotakiwa. Mawaziri wake wakaingia kwake mmoja mmoja, wengi wakimwambia hatashinda. Akatangaza kujiuzulu. Kiingereza kitasema alikuwa defenestrated. Mkiandika "Thatcher atumbuliwa", msomaji atauliza: na nani, Malkia? Mimi ningeandika: "Thatcher afanyiwa zengwe, ang'olewa na wenzake." Zengwe lina ile njama ya watu wa ndani, na "kung'olewa" kunabeba nguvu iliyotumika.

Wapo waandishi wanaokitumia hata kwa waziri aliyefukuzwa na mkuu wake. Hapo tumbueni, sina ugomvi. Na ikiwa ni taarifa ya polisi kuhusu mtu aliyesukumwa kutoka ghorofani, acheni mbwembwe zote, andikeni "alitupwa dirishani", na ghorofa itajwe.

Haya, nasubiri maswali.