Uso Kwanza: Mwanga na Rangi kwa Wapiga Video wa Bagamoyo

Ndugu zangu, tuanzie ukumbini, maana ndiko rangi zinakoharibika zaidi. Dirishani unaingia mwanga wa mchana, kama kelvini 5600 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga). Darini kuna balbu za njano za 3000. Kamera inafuata weupe mmoja tu, yaani mwanga mmoja inaouhesabu kuwa mweupe: ukiipima kwa balbu, shavu la bibi harusi lililo upande wa dirisha linageuka bluu, ukiipima kwa dirisha, shavu la pili linakuwa la machungwa. Kulisafisha hilo kwenye kompyuta ni kazi ya kuchosha, na mara nyingi halisafishiki. Basi kabla hujagusa kamera, zima balbu au funga mapazia, kisha taa yako ilinganishe na mwanga uliobaki.

Sasa pima weupe. Usiiachie kamera ijichagulie. Itabadilisha rangi katikati ya tukio, kanga nyekundu zikijaa mbele yake. Msaidizi akae pale pale atakapokaa bibi harusi, ashike kadi ya kijivu mbele ya uso, ijae katikati ya picha, uhifadhi kipimo hicho. Karatasi ya kuchapia epuka: nyingi zimetiwa dawa ya kung'arisha inayoongeza ubluu. Taa ikisogezwa, pima upya.

Ukinunua taa za LED, soma CRI kwenye boksi, kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa usahihi, iwe 95 au zaidi. Nasisitiza hapa kwa sababu taa hafifu hukosa wekundu, na ngozi yetu ikikosa wekundu inapauka, mtu mzima wa afya anaonekana mgonjwa. Hatustahili kuwapelekea wateja picha ya namna hiyo.

Umeme wetu ni hezi 50, kwa hiyo piga fremu (picha) 25 kwa sekunde, na shata, yaani muda wa kila picha kupokea mwanga, iwe 1/50 ya sekunde. Vinginevyo baadhi ya taa zitapiga mistari.

Ufukweni, kumbukeni bahari yetu iko mashariki. Asubuhi, ukimweka mtu bahari ikiwa nyuma yake, jua linampiga mgongoni na uso unabaki giza. Picha hiyo ipigeni baada ya saa kumi alasiri, jua likiwa limehamia upande wa mji. Saa sita mchana, hasa mwanzoni mwa Machi na kuelekea katikati ya Oktoba, jua liko utosini na macho yanakuwa mashimo. Mwingizeni mtu barazani, karibu na ukuta wa chokaa, si wa rangi ya kijani, maana ukuta huo utampaka ukijani kidevuni.

Na juani, kwa shata hiyo hiyo, ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) na f/4 (upana wa tundu la lenzi), funga kichujio cha ND32, kioo cheusi cha kupunguza mwanga.