Koo, swabu na yule kondoo

MWANAIDI: Karibuni tena. Dokta Kombo kawasha kinasa sauti chai yangu ikiwa bado mezani.

KOMBO: Chai yako haiishi, Da Mwana. Leo ni koo. Nina mambo matatu hapa, nimeyaandika. Ila kwanza waambie yaliyokupata Jumatatu.

MWANAIDI: Sahani thelathini za kuoteshea, zote rangi ya chokoleti! Damu ilimiminwa kwenye aga, ule uji wa kuoteshea vimelea, ukiwa bado wa moto. Ikitoka kwenye mashine ya mvuke, isubiri ishuke hadi nyuzi 45 mpaka 50. Ukiwahi, chembe nyekundu zinapasuka. Ukichelewa, inashika mabonge.

KOMBO: Lakini vimelea si vinaota tu humo?

MWANAIDI: Vinaota, ila huvijui. Tunayemtafuta kooni ni Streptococcus pyogenes, na anajulikana kwa kuvunja damu: koloni ndogo, yaani kundi la vimelea vilivyoota pamoja, imezungukwa na duara jeupe linalopitisha mwanga. Damu ikishaharibika, atavunja nini? Mililita 25 za damu kwa 475 za aga. Damu ya kondoo.

KOMBO: Haya, kondoo kaingia. Hata dakika tatu hazijapita.

MWANAIDI: Bila yeye hakuna kipindi.

KOMBO: Mimi nauliza kila siku: chupa za benki ya damu zilizopitwa na muda, kwa nini zisitumike?

MWANAIDI: Zina sitreti ya kuzuia damu isigande, zina kingamwili za mchangiaji, pengine na dawa alizomeza. Vyote hivyo vinaweza kumzuia mdudu asiote. Kondoo unamtoa damu mshipa wa shingoni, inaingia kwenye chupa safi yenye shanga za kioo, unaitikisa taratibu kama dakika kumi bila kupumzika. Nyuzi za fibrini, zile za kugandisha damu, zinajisokota kwenye shanga, damu haigandi tena.

KOMBO: Mkono wa nani huo?

MWANAIDI: Wa kijana wa mafunzo, siku zote. Halafu kuna Haemophilus haemolyticus, mkazi wa koo asiye na neno. Kwenye damu ya farasi anavunja vilevile, anakudanganya. Kwenye ya kondoo haoti vizuri.

KOMBO: Na kondoo akiugua?

MWANAIDI: Akipewa antibaiotiki, damu yake haiguswi mpaka dawa iishe mwilini.

KOMBO: Kwa hiyo ndiye mkazi pekee wa wilaya hii asiyekunywa amoksilini kwa kikohozi!

MWANAIDI: Umesema wewe. Na wanaomwandikia kila mtu ni nyinyi.

KOMBO: Ngoja, tumalize swabu kwanza, kile kijiti cha pamba cha kuchukulia sampuli.

MWANAIDI: Swabu: mgonjwa aangalie mwanga, aseme "aaa", bonyeza ulimi kwa kijiti. Sugua findo zote mbili na ukuta wa nyuma ya koo, pazuri zaidi ni penye usaha au wekundu. Usiguse ulimi, mashavu wala kimeo. Sugua, usipapase. Nyingi zinazoniletea jibu tupu ni mate matupu.

KOMBO: Mtoto anatapika, Da Mwana.

MWANAIDI: Basi uwe mwepesi, sekunde chache zinatosha. Na kabla hajaanza dawa, si baada. Maabara iko mbali? Itie kwenye chombo chenye midia ya Amies, ya kusafirishia sampuli, isikauke. Kwangu naipaka, nadunga aga mara mbili tatu kwa kitanzi, kwa sababu sumu moja ya huyu mdudu inaharibiwa na oksijeni, huko chini ndiko inakofanya kazi. Nyuzi 35 mpaka 37, nasoma baada ya saa 24, hakuna kitu narudisha hadi 48.

KOMBO: Saa 48! Mama katoka kijijini, nauli ya kurudi hana. Mtoto ana joto zaidi ya 38, usaha kwenye findo, tezi za mbele ya shingo zinauma, hakohoi. Namchoma benzathini penisilini papo hapo: uniti laki sita akiwa chini ya kilo 27, milioni moja na laki mbili akifika 27 au zaidi. Nikimkosa, kesho vali za moyo.

MWANAIDI: Hata wenye dalili zote nne, karibu nusu hawana huyo mdudu. Na penisilini ikianza ndani ya siku tisa bado inakinga homa ya rumatiki, hiyo inayoharibu vali za moyo. Siku mbili unazo.

KOMBO: Ninazo mimi. Mama hana.

MWANAIDI: Kipimo cha haraka basi, jibu ndani ya dakika kumi.

KOMBO: Kikiwepo. Na kikisema hana?

MWANAIDI: Kikisema anaye, tibu. Kikisema hana, na ni mtoto, otesha, maana kinawakosa baadhi.

KOMBO: Tumerudi saa 48.

MWANAIDI: Tumerudi. Na bado nasema usichome kwa kubahatisha.

KOMBO: Na mimi bado nachoma.

MWANAIDI: Choma. Swabu uchukue kwanza.

KOMBO: Jibu atalifuata nani? ... Eh, dakika moja imebaki. Mambo yangu matatu!

MWANAIDI: Soma la kwanza.

KOMBO: "Diski ya basitrasini, uniti 0.04, na kwa nini kipimo cha PYR ni..." Hapana, vipimo vya kumthibitisha mdudu huyu haviishi kwa dakika moja.

MWANAIDI: Wiki ijayo.

KOMBO: Wiki ijayo utaanza na kondoo.

MWANAIDI: Alhamisi anatolewa damu. Chupa utatikisa wewe.