Kuchagua diski ngumu ya IBM PC ya 1981

Karibu tena, mtazamaji. Mezani leo nina IBM PC, modeli 5150, iliyotoka Agosti 1981 bila diski ngumu. Wengi huniuliza kwanza, "Niiwekee megabaiti ngapi?" Swali hilo liweke kando kidogo. Tuanze na bayosi, programu iliyo ndani ya chipu inayoiamsha mashine unapoiwasha.

Washa mashine kwa flopi ya DOS, mfumo wake wa uendeshaji, andika debug (programu ya kuchungulia kumbukumbu), bonyeza Enter, kisha andika d f000:fff5. Tazama mwanzo wa maandishi yaliyo kulia mwa skrini: hiyo ndiyo tarehe ya bayosi. Yangu ni 10/27/82, na ndiyo tunayoitaka. Ukiona 04/24/81 au 10/19/81, bayosi yako haisomi programu iliyomo ndani ya kadi zinazoendesha diski, kwa hiyo hata ukichomeka kadi nzima kabisa, mashine haitaijua. Badilisha chipu ya bayosi kwanza, ndipo utoe hela ya diski.

Zima, chomoa waya wa umeme, fungua kasha. Soma kibandiko cha pawa saplai: wati 63.5. IBM walipotoa XT, modeli iliyofuata, mwaka 1983, ikiwa na diski ya megabaiti 10, waliipa wati 130. Diski huvuta umeme mwingi zaidi pale inapoanza kuzunguka, ikitafuta mizunguko yake 3,600 kwa dakika. Tafuta pawa saplai yenye nguvu ya XT; hapa usibane matumizi.

Sasa diski yenyewe. Kama unataka mashine ya kutumia kila siku, chukua kadi ya XT-IDE, inayoiwezesha mashine hii kutumia diski za aina mpya zaidi za IDE, na kadi ya kumbukumbu ya CompactFlash badala ya diski: haina kelele, haili umeme. Lakini mimi napenda kusikia diski ikifanya kazi, kwa hiyo naweka Seagate ST-225, megabaiti 20, pamoja na kadi ya Western Digital ya kuiendesha, ya aina ya MFM (mtindo wa zamani wa kuandika data kwenye diski).

Sogea uone nyaya zinazounganisha diski na kadi. Ule mpana una nyuzi 34, mwembamba una 20. Tafadhali usichukue waya wa flopi ukadhani ni huu; nao una nyuzi 34, ila sehemu iliyosokotwa ni nyingine. Ukingo wenye rangi uelekee pini namba 1.

Kwa ukubwa huu tumia DOS 3.3. Kwenye kadi nyingi za Western Digital, ingia debug, andika g=c800:5 kuanzisha programu ya kadi ya kuiandaa diski, ujibu maswali: silinda (duara za data) 615, vichwa vya kusoma na kuandika 4. Subiri, usiiguse. Kisha fdisk ya kuigawa diski, halafu format c: /s ya kuiweka DOS ndani yake.

Na kabla ya kuihamisha mashine, hata kutoka meza hii hadi ile, endesha programu ya kuegesha vichwa. ST-225 haiviegeshi yenyewe, na kichwa kikigonga sahani, data ya hapo imekwenda.