Nani Alipie Mbio Zinazopita Mlangoni Kwako?

Mhadhara kwa wakazi na kamati ya maandalizi ya mbio za baiskeli za kata, Shinyanga

Mwangaluka, ndugu zangu!

Ndugu Mwenyekiti, watendaji wetu, wazee wangu mliokaa mbele, akina mama, na ninyi vijana ninaowaona kule nyuma mmesimama na baiskeli zenu: asanteni kwa kuniita. Kata yenu inaandaa mbio za kwanza, na mmeniomba nizungumzie fedha zake. Mimi ni mweka hazina wa mbio za mtaa wetu, huu ni mwaka wa sita, na kabla ya hapo nimeshika daftari la kamati za harusi nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Nitasema yale niliyojifunza kwenye hayo madaftari.

Mpira wa miguu una geti. Uwanja umezungushiwa ukuta, mtu anakata tiketi, anaingia. Baiskeli haina geti. Barabara ni ya wote. Mtazamaji anatoka na kigoda chake, anakaa chini ya mwarobaini, anaona kila kitu, anarudi ndani, na hajatoa hata shilingi. Kwa hiyo tangu zamani mchezo huu umekuwa ukitafuta mtu mwingine wa kuulipia. Ukifuatilia alipatikana wapi, utaelewa kwa nini kamati nyingi za mitaa zinakufa baada ya mwaka mmoja.

Tour de France, mbio za baiskeli kubwa kuliko zote duniani, zilianzishwa na gazeti lililokuwa linahangaika kuuza. Mwaka 1903, pale Paris, gazeti la michezo la L'Auto lilikuwa linazidiwa na mpinzani wake. Mwandishi wake kijana, Géo Lefèvre, akamshauri mhariri Henri Desgrange: tuandae mbio za kuizunguka Ufaransa, watu watanunua gazeti kila siku wajue nani anaongoza. Waliondoka washindani 60, akashinda Maurice Garin, na gazeti likapanda kutoka nakala kama 25,000 kwa siku mpaka kama 65,000. Ile jezi ya njano mnayoiona kwenye televisheni, iliyoanza 1919, ina rangi ya karatasi ya gazeti hilo. Mwaka 1930 Desgrange alichoka na timu za viwanda vya baiskeli, akaleta timu za mataifa, na gharama za waendeshaji zikamwangukia yeye. Akafanya nini? Akaanzisha msafara wa magari ya matangazo. Kampuni zinalipa, magari yao yanatangulia mbele ya mbio yakipita mbele ya watu waliojipanga barabarani. Mpaka leo miji nayo inalipa ili mbio zianzie au ziishie kwao.

Mmeona mlipaji ni nani? Mtazamaji halipi. Anayelipa ni yule anayemhitaji mtazamaji: mwenye gazeti, mwenye bidhaa, mwenye mji. Sasa tujiulize, hapa kwenu nani anamhitaji huyo aliyekaa chini ya mwarobaini? Anamhitaji mama wa uji na vitumbua. Anamhitaji mwenye duka, muuza chipsi, kinyozi, wakala wa kutuma fedha, na fundi baiskeli kuliko wote. Hao ndio wadhamini wenu, na hakuna hata mmoja anayehitaji kuandikiwa barua ya kwenda makao makuu.

Lakini sikilizeni vizuri hapa, maana ndipo sisi tulipokosea. Mwaka wa kwanza tulipanga njia ndefu ya kujivunia: kutoka mtaani, kwenda vijijini, na kurudi. Nilimfuata mama mmoja anayeuza uji karibu na mahali pa kuanzia, nikamwomba mchango. Akaniuliza, "Baba, watapita hapa mara ngapi?" Nikamwambia mara mbili, kwenda na kurudi. Akasema, "Wakienda vijijini, watu watawafuata huko au watarudi kulala. Mimi uji wangu ataunywa nani?" Hakunipa kitu, na alikuwa na haki.

Kule Flanders, upande wa Ubelgiji unaozungumza Kiholanzi, jambo hili walilimaliza siku nyingi. Wana mbio za vijiji zinazoitwa kermiskoers, zinazofanyika wakati wa sikukuu ya kijiji. Hawaendi mbali. Wanachukua mzunguko mfupi wa kilomita chache, mara nyingi unaanzia na kuishia karibu na mgahawa, na wanauzunguka tena na tena. Mtazamaji anawaona, anakunywa kinywaji chake, anageuka, hao wanakuja tena. Mwenye mgahawa anauza tangu mchana mpaka jioni, na ndiyo maana yeye na wenzake wanachangia zawadi. Sisi mwaka wa pili tukafanya hivyohivyo: kilomita 3 na nusu, mizunguko 16, jumla kilomita 56. Umbali unamchosha mtu vilevile, ila sasa kila mlango uliona mbio mara 16. Nilipomrudia yule mama, alitoa kabla sijafungua daftari.

Wale wa Flanders wana jambo jingine ambalo nadhani sisi Wasukuma tulipaswa kuligundua kabla yao. Mbio zikiwa zinaendelea, mtu anajitokeza na zawadi yake, mtangazaji anatangaza, kengele inapigwa: atakayetangulia mzunguko unaofuata, hiyo ni yake, hata akimaliza wa mwisho. Huku sisi tuna kutuza. Manju anaimba, mtu anainuka na noti yake, anakwenda kumtuza mbele ya watu, na kila mtu anajua ni fulani. Na kwenye mashindano ya Bagika na Bagalu, yale makundi yetu mawili ya ngoma yanayoshindana, anayeshinda ni aliyevuta watu wengi kwake. Mashabiki ndio waamuzi. Kwa hiyo msiende kwa watu na neno geni la udhamini. Waambieni mnawaomba wawatuze waendeshaji. Mwaka ule wa pili fundi mmoja alitoa tairi moja na tyubu mbili kwa mzunguko wa saba, na mtangazaji akalitaja jina la kibanda chake kwenye spika. Kundi lilikuwa limeanza kulegea kwa jua. Kengele ilipolia, wale vijana walisimama wote juu ya pedeli. Watu waliokuwa ndani walitoka mbio kuja kuona kuna nini.

Nirudi kwenye mwaka wa kwanza, kwa sababu kuna jambo sijalisema. Tulikuwa na mdhamini mmoja mkubwa, simtaji. Aliahidi zawadi zote, jezi zote, maji, kila kitu. Nasi tukapumzika, hatukumfuata mtu mwingine kwa bidii. Siku nne kabla ya mbio akasema bajeti imebadilika. Waendeshaji walikuwa wameshaambiwa. Wengine walitoka vijijini usiku, wakafika asubuhi na vumbi mpaka kwenye kope, na baiskeli zilezile wanazobebea mkaa na maji, keria zimefunguliwa ili ziwe nyepesi. Ilibidi nisimame mbele yao nieleze. Mshindi aliondoka na jogoo na asante. Hakulalamika, na kutolalamika kwake ndiko kulikoniuma.

Sisemi mkimbie wadhamini wakubwa. Akija mkubwa, mpokeeni, mpeni heshima yake, bango lake liwekwe. Ila zawadi zisimtegemee yeye. Zawadi zitoke mtaani. Tufanye hesabu ndogo. Tuseme mtaa una nyumba 200, na kila nyumba inatoa shilingi 2,000. Hiyo ni 400,000. Vibanda na maduka 30, kila kimoja 5,000, ni 150,000. Mmefika 550,000, na mtu mmoja akijitoa hakuna kitakachotikisika. Harusi zetu tunazifanya hivi kila wiki. Kadi inapita, mtu anaahidi, anapunguza ahadi yake kidogokidogo, mwisho anamaliza, na sherehe inafana. Ujuzi huo tunao tayari, tusiuache nyumbani.

Na kama ilivyo kwenye harusi, ahadi si fedha. Kwenye daftari langu kuna safu mbili, ahadi na taslimu, na bajeti inapangwa kwa safu ya taslimu tu. Fedha zikae kwenye akaunti yenye watia saini watatu, mmoja wao awe mwanamke anayeheshimika ambaye si ndugu wa mwenyekiti. Baada ya mbio, ndani ya wiki mbili, bandikeni kwenye ubao wa ofisi ya mtaa: nani alitoa, alitoa ngapi, zimeenda wapi, risiti zipo kwa nani. Andikeni hata aliyetoa shilingi 500. Nimewaona watu wazima wakisimama mbele ya ubao ule, wanatafuta jina lao kwa kidole, wakiliona wanaita watoto waje kuliona. Mtu aliyeliona jina lake pale, mwaka unaofuata anakutafuta yeye.

Vibali nitavipitia haraka, mtendaji anavijua kuliko mimi: polisi wapate barua mapema, wenye barabara waarifiwe, CHABATA, chama chetu cha baiskeli cha taifa, nacho kijulishwe, na zahanati iliyo karibu ijue siku na saa. Zawadi za wanawake ziwe sawa na za wanaume. Wanapanda baiskeli ileile, kwenye jua lilelile. Na wekeni mbio za baiskeli za kazi peke yake, zile nzito za kubebea mizigo. Kijana mwenye baiskeli ya gia na kijana mwenye baiskeli ya mkaa wakianza pamoja, wa pili mnakuwa mmemwalika aje kushindwa.

Sasa nifike kwenye kile nilichokuja kusema. Tumezungumza fedha, na fedha inahitajika. Lakini mwaka wa tatu fedha zilikuwapo. Tulikuwa na jezi, spika kubwa na turubai la wageni. Kulikuwa na kona moja karibu na mashine ya kusaga ambako njia inatokea nyuma ya ukuta, na pale hatukumweka mtu. Bodaboda akatoka na gunia la mahindi, hakujua kuna mbio. Kijana wetu mmoja wa miaka 17 alikuwa anakata kona ameinama. Nilifika naye amekaa chini, ameushika mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, mfupa wa mtulinga umevunjika, na gurudumu la mbele la baiskeli limejikunja, spoki zimechomoka. Kitu cha kwanza alichoniuliza ni, "Baiskeli ya kaka vipi?" Haikuwa yake, aliazima.

Mfukoni nilikuwa na fedha za kamati. Fedha zile zilimpeleka hospitali, zikamrudishia kaka yake gurudumu. Lakini kilichokosekana pale kwenye kona kilikuwa mtu mmoja tu na kitambaa chekundu. Mtu huyo hauzwi dukani. Anapatikana kwa kugonga mlango na kumwambia, mzee wangu, kona hii ni yako, kuanzia saa mbili mpaka saa sita.

Kuna mtaa unaitwa Riverwest, katika mji wa Milwaukee kule Marekani, ambao tangu mwaka 2008 unaandaa mbio za saa 24. Waendeshaji wanazunguka mtaa ule usiku na mchana, na kila wakifika kwenye kituo kadi yao inatobolewa. Wanaosimamia mambo hayo ni wakazi wenyewe, wamejitolea, pamoja na ile saa tisa ya usiku ambayo kila mtu angetaka kuwa kitandani. Na hapa jirani, Kigali, Septemba 2025 mbio za ubingwa wa dunia zilipofanyika Afrika kwa mara ya kwanza, mlioangalia mliona kile kilima cha Kimihurura chenye barabara ya mawe. Watu wamejaa pande zote mbili, wanawapigia kelele hata wale wa mwisho kabisa, wageni wasiowajua hata majina. Hilo hakuna mdhamini anayeweza kulinunua.

Ndiyo maana daftari langu sasa lina safu ya tatu. Haiandikwi shilingi. Inaandikwa: nani amesimama wapi. Mzee fulani, kona ya kisima. Mama fulani, ndoo mbili za maji na vikombe. Wanafunzi wanne, kufagia mchanga kwenye mteremko alfajiri, maana mchanga kwenye kona unaangusha kuliko mpinzani. Kijana yule wa mtulinga alipona. Mwaka uliofuata hakushindana, mama yake alikataa. Alikuja akasimama kwenye ile kona ya mashine na kitambaa chekundu, mizunguko yote 16, na bodaboda walisimama.

Leo alfajiri mwenyekiti wenu na mimi tumeitembea njia mliyoichagua, kwa miguu, mzunguko mzima. Ni njia nzuri, inapita kwenye vibanda vingi. Tumehesabu kona 11 zinazohitaji mtu. Nane tumeshapata majina tulipokuwa tunapita, watu wanafungua milango wanapiga mswaki. Zimebaki tatu: ya godauni, ya daraja dogo, na ile ya mwembe ambako watoto wanacheza. Daftari liko hapa mezani, kalamu iko juu yake.