Fundi wa Vifaa vya Kupimia na Namba Inayodanganya

Mkuu wa chuo, walimu, mafundi wenzangu, na ninyi wanachuo mnaotarajia kwenda viwandani mwaka huu,

Nimeombwa nizungumzie kazi ya fundi sanifu wa vifaa vya kupimia, yule ambaye kiwandani huitwa kwa kifupi mtu wa instrumenti. Ningeweza kuutumia muda huu kueleza anachofanya tangu anapoingia zamu mpaka anapotoka: anabadilisha kipimajoto, anafuatilia waya uliokatika, anafungua vali iliyokwama, anajaza fomu. Hayo yote mtayakuta wenyewe katika mwezi wa kwanza, na mtayazoea. Ninachotaka kukieleza ni jambo ambalo haliandikwi katika barua ya ajira, nalo ni kwamba hitilafu inayojitangaza haitusumbui sana. Kinachotusumbua ni kifaa kilichoharibika huku kikiendelea kutoa namba yenye sura nzuri, ambayo kila mtu katika chumba cha udhibiti anaiamini.

Waliobuni mifumo tunayoitumia walilitambua hilo mapema. Mmeshafundishwa kwamba transmita nyingi, yaani vifaa vinavyopima na kupeleka kipimo chumba cha udhibiti, hutuma kipimo chake kwa mkondo wa umeme wa miliampia 4 hadi 20, na kwamba miliampia 4 ndiyo inayosimamia sifuri ya kipimo. Waya ukikatika, mkondo hushuka hadi sifuri yenyewe, na kwa kuwa hakuna kipimo halali kinachotoa miliampia sifuri, kidhibiti, yaani chombo kinachosoma kipimo na kuziamuru vali, hutambua papo hapo kwamba tatizo liko kwenye waya na si kwenye tangi. Mifumo ya hewa iliyotangulia umeme ilifuata mantiki hiyohiyo, kwa kuanzia pauni 3 kwa kila inchi ya mraba na kuishia pauni 15. Transmita za kisasa zimekwenda mbali zaidi, kwani nyingi zikijigundua kuwa na kasoro huushusha mkondo chini ya miliampia 3.6 au huupandisha juu ya miliampia 21 kwa makusudi, ili kengele ilie. Hitilafu ya namna hiyo itakuamsha saa nane za usiku, utakwenda na mita yako, utakuta maji yameingia kwenye sanduku la viungio kwa sababu aliyelifunga alielekeza tundu la kebo juu badala ya chini, utakausha, utafunga upya, utarudi kulala. Inachosha, lakini haimdanganyi mtu.

Sasa tulitazame boila la kiwanda cha sukari, yaani mtambo wa kuchemshia maji yawe mvuke, kwa sababu najua baadhi yenu mtapangiwa huko. Kina cha maji katika pipa la mvuke hupimwa mara nyingi kwa transmita ya tofauti ya mgandamizo. Upande mmoja wa transmita umeunganishwa na bomba jembamba lililojaa maji yaliyotokana na mvuke uliopoa, na maji hayo hayapaswi kupanda wala kushuka, kwa kuwa ndiyo yanayotumiwa kama kigezo. Upande wa pili umeunganishwa na sehemu ya chini ya pipa. Pipa likiwa tupu, tofauti kati ya pande hizo mbili huwa kubwa kabisa, na kadiri maji yanavyopanda ndani ya pipa ndivyo tofauti inavyopungua, hadi pipa linapojaa ambapo tofauti inakaribia kwisha. Kwa hiyo transmita imepangwa kusoma kinyumenyume: tofauti ndogo maana yake maji ni mengi.

Chukulieni kwamba vali ya kusawazisha, ile ya katikati inayounganisha pande mbili wakati wa matengenezo, haikufungwa ikakaza, au kiti chake kimelika na inapitisha maji kidogo kidogo. Mgandamizo wa pande mbili utaanza kulingana. Transmita, ambayo kwa yenyewe ni nzima kabisa, itatoa taarifa kwamba pipa linajaa. Kidhibiti kitaitii taarifa hiyo na kuanza kuifunga vali ya maji ya kulishia boila, wakati tanuri linaendelea kuwaka na pipa linaendelea kukauka. Hakuna waya uliokatika wala kengele ya hitilafu. Ni kwa sababu ya hatari za namna hii kwamba maboila makubwa huwekewa transmita tatu ambazo mbili zikikubaliana ndizo zinazosikilizwa, na ni kwa sababu hiyohiyo kile kioo cha maji kilicho pembeni ya pipa, ambacho vijana hukiona kama mabaki ya zama za kale, kinapaswa kuwa safi na kusomwa kila zamu.

Udanganyifu mwingine hujificha katika hesabu. Tukipima mtiririko kwa sahani yenye tundu iliyowekwa ndani ya bomba, tofauti ya mgandamizo hubadilika kwa kipeo cha pili cha mtiririko, kiasi kwamba nusu ya mtiririko hutoa robo tu ya tofauti, na mkondo huwa miliampia 8. Mahali fulani ni lazima kipeuo cha pili kitolewe, ama ndani ya transmita ama ndani ya kidhibiti. Kikisahauliwa kote kuwili, nusu itasomeka kuwa asilimia 25. Kikitolewa kote kuwili, nusu hiyohiyo itasomeka kuwa karibu asilimia 71. Lakini kwenye sifuri na kwenye asilimia 100 namba zote zitakuwa sahihi katika hali zote tatu. Fundi mvivu anayepima ncha mbili tu ataandika kuwa kifaa ni kizima, ataweka sahihi yake, na uongo utaendelea kuishi katikati ya kipimo, ambako ndiko kiwanda hufanyia kazi siku zote. Hii ndiyo sababu tunapima pointi tano tukipanda na zilezile tano tukishuka, na tunazipima kuanzia kwenye kifaa hadi kwenye skrini ya mwendeshaji, si kuishia mlangoni mwa transmita.

Nimesema mambo ya boila na mtiririko. Niruhusuni sasa nieleze kwa kirefu kidogo tukio ambalo kila fundi wa fani yetu anapaswa kulijua. Tarehe 11 Desemba 2005, katika bohari ya mafuta ya Buncefield, kaskazini mwa London, tangi namba 912 lilikuwa likipokea petroli kupitia bomba tangu jioni ya siku iliyotangulia. Kama saa tisa za usiku kipimo cha kina kiliganda, kikionyesha kwamba tangi limejaa theluthi mbili, ingawa petroli iliendelea kuingia. Kengele za kujaa zilizotegemea kipimo hicho hazikulia, kwa sababu kwa mujibu wa kipimo hapakuwa na cha kulilia. Tangi lilianza kufurika baada ya saa kumi na moja na nusu alfajiri, zaidi ya lita 250,000 za petroli zikamwagika, ukungu wa mvuke wake ukatanda juu ya ardhi, na saa kumi na mbili na dakika moja ukalipuka. Watu zaidi ya 40 walijeruhiwa, na kwa kuwa ilikuwa alfajiri ya Jumapili, hakuna aliyekufa.

Mtauliza, je, hapakuwa na kinga ya pili? Ilikuwapo. Juu ya tangi palikuwa na swichi inayojitegemea, iliyopaswa kusimamisha upokeaji wa mafuta kama kipimo kikuu kingeshindwa. Swichi hiyo ilikuwa na mkono mdogo wa kuijaribia, na mkono huo ulihitaji kufuli ili ubaki katika nafasi ya kazi. Kufuli halikuwekwa. Walioifunga swichi hiyo na waliolitunza tangi hawakuelezwa kwamba kufuli ni sehemu ya utendaji wa swichi. Walidhani ni la kuzuia watu kuchezea. Na kile kipimo kikuu hakikuganda usiku ule kwa mara ya kwanza, bali uchunguzi ulionyesha kwamba kilikuwa kimeganda mara 14 tangu mwisho wa Agosti mwaka huo. Mara nyingine wasimamizi walikikwamua wenyewe, mara nyingine fundi aliitwa, lakini chanzo halisi hakikupatikana. Mimi huwa narudi kwenye namba hiyo 14 kuliko kwenye lita 250,000. Mstari uliolala sawa kwenye grafu ya tangi linalopokea mafuta ni kilio, ila ni kilio kisicho na sauti, na anayepaswa kukisikia ni sisi.

Mwaka huohuo, tarehe 23 Machi, mlipuko katika kiwanda cha kusafishia mafuta cha Texas City, Marekani, uliua watu 15 na kujeruhi 180. Mnara wenye urefu wa mita 52 ulikuwa umejazwa kimiminika hadi karibu mita 48, huku kipimo kikionyesha mita 2.4 tu na kikizidi kushuka polepole. Kifaa hicho kilitumia uzito wa kimiminika kinachosukumwa na boya zito, na kilikuwa kimerekebishwa kwa msongamano uliochukuliwa kutoka katika karatasi ya data ya mwaka 1975, ambao haukuwa wa kimiminika kilichokuwamo; kadiri kimiminika kilivyopata joto na kuwa chepesi, ndivyo namba ilivyoshuka. Kioo cha kusomea kwa macho kilikuwa kimeingia weusi na hakisomeki. Tena, mafundi wa vifaa vya kupimia waliokuwa wakijaribu kengele kabla ya kuwasha mtambo waliambiwa kwamba muda hautoshi, na fomu ya ukaguzi ikatiwa sahihi kana kwamba kazi imekamilika.

Kutokana na hayo, nawaomba muelewe kwa nini walimu wenu wanasisitiza kuandika hali ya kifaa kama ilivyokutwa kabla ya kukigusa. Fundi akirekebisha kwanza ndipo aandike, kumbukumbu itaonyesha kwamba kifaa kilikuwa sahihi miaka yote, na hakuna atakayeona kwamba kila miezi sita kinapotoka kwa asilimia 3 kuelekea upande uleule. Vilevile, kifaa unachopimia nacho lazima kipimwe. Pampu ya mafuta barabarani hukaguliwa na Wakala wa Vipimo, na vifaa vya rejea vinaweza kupelekwa kufanyiwa ugezi, yaani kulinganishwa na kipimo cha uhakika, katika maabara ya Shirika la Viwango. Kiwandani, mita iliyoanguka kutoka ghorofa ya tatu na kurudishwa kwenye begi kimyakimya haina haki ya kuhukumu transmita yoyote.

Mjue pia kwamba kiwandani kipimo ndicho mshtakiwa wa kwanza. Mgandamizo ukipanda, mwendeshaji atasema instrumenti imeharibika, na sehemu kubwa ya kazi yenu itakuwa kuthibitisha kwamba kifaa kinasema kweli na kwamba tatizo liko kwenye mtambo. Msichoke na shutuma hizo, wala msiwadharau waendeshaji, kwa maana mzee aliyekaa miaka mingi mbele ya skrini moja anajua namba inavyopumua, na akikuambia kwamba leo imetulia mno, nenda ukaangalie hata kama mita yako inasema vyema.

Jambo la mwisho linahusu usiku. Litakuja ombi kwamba kinga fulani inazima mtambo bila sababu, na uunganishe waya wa kuikwepa kinga hiyo ili uzalishaji uendelee. Wakati mwingine ombi hilo ni halali, na viwanda vinavyojiheshimu vina utaratibu wake. Muulize msimamizi wa zamu kibali kimesainiwa na nani, kinakwisha saa ngapi, na katika muda huo ni nani atakayekuwa akiangalia kwa macho kile ambacho kifaa kilikuwa kikikiangalia. Asipokuwa na jibu la swali la tatu, usiuguse waya huo, na mwambie kwa adabu kwamba utampigia mhandisi. Akiwa na majibu yote, andika katika kitabu cha zamu kabla ya kufungua sanduku, si baada ya kulifunga.

Nashukuru kwa usikivu wenu. Nitapokea maswali, na ningependa tuanze na wale waliokwisha kufanya mafunzo ya vitendo kwenye maboila.